Opereta na Mashine Zenye Jina Moja

Dada yangu alikaa kwenye kazi ya opereta wa simu miaka thelathini na minne, na wengi wa aliowahudumia hawakuwahi kumwona. Walimjua kwa sauti. Ilikuwa sauti nzito kidogo, ya mtu asiye na haraka, ukiisikia unajikuta na wewe umeshusha yako. Mimi ni mtu wa biashara, kazi yangu ni kutazama kitu na kukitajia bei, na nasema bila kupamba kwamba sauti ile ilikuwa mali. Aliingia nayo kwenye usaili akiwa na miaka kumi na tisa na viatu vya kuazima, akawaacha nyuma wasichana wenye vyeti kumzidi.

Kituo cha simu cha wakati ule kilikuwa chumba kirefu chenye ubao uliojaa matundu, na mbele ya kila opereta waya zenye ncha za shaba. Mtu akiinua simu nyumbani kwake, taa ndogo inawaka kwenye ubao, dada anachomeka waya: "Kituo, nikusaidie." Watu hawakuhangaika na namba. Walisema nipe fundi saa wa pale sokoni, nipe yule daktari mrefu, nipe mama mkwe wangu lakini usimwambie ni mimi. Mtu analeta jina, dada anatafuta tundu. Ndiyo kazi yote.

Alikuwa na kisa chake cha siku za mwanzo. Kijana mmoja alipiga akitaka kuunganishwa na seremala fulani. Maseremala wenye jina hilo walikuwa wawili mjini, mmoja wa vitanda, mwingine wa majeneza. Dada, mgeni wa kazi, akachomeka. Kijana akaagiza futi sita, mbao ngumu, vanishi ing'ae, na mzigo uletwe Ijumaa. Seremala akampa pole, akauliza marehemu ni nani.

"Marehemu gani? Ni kwa ajili yangu mimi na mke wangu."

"Wote wawili?" akauliza seremala. "Kwenye moja?"

Tulicheka kila aliposimulia, hata mara ya ishirini. Yeye alimalizia akiwa ameinua kidole: "Tangu siku ile, wakiwa wawili, siunganishi mpaka niulize. Yupi?"

Mume alimpata humo humo kwenye waya. Alikuwa fundi wa nguzo, anapanda juu na simu ya majaribio kiunoni, anapiga kituoni. "Unanisikia?" "Nakusikia." "Vizuri?" "Kama uko chumbani." Hilo la mwisho, alisema dada, ndilo lililomponza. Walizungumza hivyo mwaka na nusu kabla ya kuonana, na walipoonana dada alikiri kwamba alitarajia mtu mrefu.

Ilipokuja mitambo ya mtu kujipigia mwenyewe, ubao ukafungwa, dada akahamia kwenye ubao mdogo wa simu, swichibodi, wa kiwanda cha saruji, akakaa hapo mpaka akastaafu. Jina la Opereta lilibaki naye. Mumewe alipofariki nikamleta kwangu. Sikumleta kwa huruma, na kwa huruma asingekuja. Watoto wetu walikuwa wameshaondoka, chumba cha nyuma kilikuwa kinakula vumbi, na mke wangu alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia kuniambia ukweli.

"Wifi," alisema dada siku ya kwanza, kabla hata begi halijafunguliwa, "huyu Dalali wako bado anapiga kelele akiongea na simu?"

"Majirani wanajua bei zake zote, wifi."

Dalali ni mimi. Nauza kompyuta zilizotumika. Nanunua kwa mafungu kutoka maofisini wanapobadilisha za zamani, nazipuliza vumbi, natengeneza moja vizuri kuliko zote, na hiyo naiita mama. Nyingine zote nazinakili kutoka kwa mama: mpangilio ule ule, folda zile zile, nywila ile ile, hata jina ambalo mashine inajitambulisha nalo kwa wenzake kwenye mtandao. Jina hilo lilikuwa "duka". Kwa njia hii natoa mashine kumi kwa siku badala ya mbili. Kubadilisha jina la kila moja ni kazi ya dakika mbili. Mimi niliziona ni dakika mbili za bure, mnunuzi akitaka atabadilisha mwenyewe.

Moja ya mezani niliiweka kwenye kona ya sebule, ya kutunzia picha na hati za nyumba. Dada, ambaye magoti yalikuwa yameanza kumkataa, alitaka kuifikia akiwa kitandani, kwa kishikwambi nilichompa kutoka dukani. Kishikwambi chenyewe kilikuwa cha zamani, hakina nafasi ya kuweka chochote. Mwanzoni nilimwandikia kwenye karatasi namba ya ile mashine ya sebuleni, nikaibandika ukutani. Umeme ukakatika, ruta, kile kisanduku cha intaneti, ikazigawia mashine namba upya, karatasi ikawa uongo. Nikaandika nyingine. Ikawa uongo nayo.

"Achana na namba," nikamwambia mwishowe. "Andika jina lake. Duka."

"Na hiki kishikwambi kinamjuaje duka?"

"Kinauliza nyumba nzima. Kinapaza sauti mtandaoni: nani humu anaitwa duka? Mwenye jina anajibu: ni mimi, na namba yangu ya leo ni hii."

Alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe ndiyo kazi yangu ile ile. Ila wamemtoa opereta katikati."

"Wamemtoa."

"Na nani anaangalia?"

"Hakuna haja ya kuangalia, dada. Zinaelewana zenyewe."

"Haya. Wewe ndiye unayeziuza."

Kikohozi kile hakikuisha. Mke wangu ndiye aliyemburuta hospitali, mimi nilikuwa na mzigo wa kupokea. Walikuta uvimbe kooni, palepale sauti inapotokea. Tuliporudi wote watatu kusikiliza majibu, daktari alisema taratibu, bila kukwepa macho, na kwa hilo nilimheshimu: wataondoa kisanduku chote cha sauti, atapumua kwa tundu dogo shingoni. Ataishi. Hatazungumza tena. Upasuaji ni baada ya wiki nne.

Dada aliuliza maswali matatu. La kwanza, kama atakula. La pili, kama uvimbe utarudi. La tatu, "Nitacheka?"

"Utacheka, mama. Bila sauti."

"Basi wifi yangu atapumzika," akasema, na mke wangu akatoka nje kwenda kusimama kwenye korido.

Hospitali ile ilikuwa na mtaalamu wa sauti, msichana mwenye miwani mikubwa na subira kubwa zaidi. Alimpa dada kijitabu cha sentensi, kurasa kumi na mbili. Kazi ilikuwa kusoma kila sentensi kwa sauti yake, irekodiwe na kuhifadhiwa. Baada ya upasuaji angekuwa anagusa sentensi kwenye kishikwambi na sauti yake mwenyewe inatoka.

"Usisome kama mtihani, mama," alimwambia. "Sema kama unavyosema nyumbani. Na ukimaliza za kitabu, ongeza zako. Majina ya watu wako, mizaha, ugomvi. Za kitabu ni za kuombea maji. Zako ndizo watu watakazozitaka."

Nilimpangia mimi. Alirekodi kwenye kishikwambi, na kwa kuwa hakina nafasi, kila asubuhi akimaliza alituma rekodi zote kwa duka, kwenye folda ya Kazi, na kishikwambi kikafuta za kwake. Nilijaribu mbele yake mara mbili. Nilimwonyesha rekodi zimekaa sebuleni, salama. Wiki ya kwanza alimaliza kurasa mbili, kwa sababu sauti ilichoka mapema na mchana hakutaka kuitumia hata kwa salamu. Zilikuwa za mwanzo kabisa: Naumwa. Nataka maji. Fungua dirisha. Nisaidie kuinuka. Ndiyo. Hapana.

Nina desturi ya kazi inayonipa wateja. Kompyuta mpakato siiuzi mpaka nikae nayo nyumbani wiki mbili tatu bila kuizima, nione betri inavyohimili. Mnunuzi akiniuliza, namwambia hii nimeishi nayo. Jumatano ya wiki ya pili nilirudi kula mchana na mpakato mmoja mzuri chini ya kwapa. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nikauwasha kwa betri, nikauweka juu ya kabati la korido, nikala, nikarudi dukani.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana mimi nilikuja kukielewa wakati hakina faida tena. Umeme uliporudi, ruta iliamka yenyewe. Mashine ya sebuleni haiamki mpaka ubonyeze. Mpakato wa koridoni ulikuwa macho tayari, ukauliza nyumba nzima kama kuna mwenye jina la duka. Kimya. Ukajichukulia jina. Ulikuwa na haki nalo kama mwenzake, wote wametoka kwa mama mmoja. Baadaye mke wangu akapita na ufagio, akabonyeza ile ya sebuleni. Ikaamka, ikauliza, ikaambiwa duka ni mimi hapa. Mashine hizi zina adabu kuliko binadamu. Iliyokuta jina limechukuliwa haigombani, inajiongezea namba nyuma na kusogea pembeni. Ikawa duka-2.

Asubuhi yake simu yangu iliita dukani. Nilikuwa na msimamizi wa shule moja, mtu wa kununua mashine ishirini kwa mkupuo, na alikuwa ameshaanza kutazama mlango.

"Dalali, kishikwambi kinanionyesha duka wawili. Kuna duka na kuna duka-2. Yupi?"

"Chagua isiyo na namba."

"Una hakika? Jana alikuwa mmoja."

"Dada, nina mteja. Isiyo na namba."

"Haya."

Akakata. Mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kukata simu kabla ya mwenzake, siku ile alikata yeye kwanza, na mimi nilichofikiria ni kwamba afadhali. Mashine ishirini niliziuza.

Kuanzia hapo sauti ya dada ilikuwa inakwenda juu ya kabati la korido, kwenye folda ya Kazi iliyofanana na ile nyingine kama sahani mbili za seti moja. Wiki mbili na nusu. Folda haikukataa, nywila ilikubali, kishikwambi kiliandika "imetumwa" na kufuta. Nilipita kando ya kabati lile kila siku nikienda kuoga. Niliangalia betri.

Kupitia mlango nilikuwa namsikia. Alimaliza kitabu, akaanza zake. Aliita majina ya watoto wetu mmoja mmoja, kila mmoja kwa namna yake: wa kwanza kwa kuvuta, wa mwisho kwa ukali wa kujifanya. Alirekodi, "Wifi, chai hii umeipika au umeikaripia?" Mke wangu akajibu kutoka jikoni, ikabidi dada arudie, na safari hii mke wangu alijifunga mdomo kwa kitambaa cha mezani. Kuna asubuhi nilimsikia anasema, polepole, hakuna mtu chumbani, "Nakusikia. Kama uko chumbani." Nilisogea mlangoni nikaondoka. Hiyo haikuwa ya nyumba hii.

Na kulikuwa na zangu. Aliniita ili nizisikie. "Dalali, shusha sauti, mteja si kiziwi." "Dalali, bei hiyo hata wewe huiamini." Na moja ya jina tu, Dalali, kama alivyokuwa akiniita kutoka dirishani mimi nikiwa mtoto na kuuza gololi za wenzangu barabarani.

"Hiyo nimeisema mara sita," alisema. "Nimechagua isiyo na hasira sana."

"Mbona zote ni za kunikaripia?"

"Umewahi kunisikia nikikuita kwa jambo lingine?"

Siku tatu za mwisho sauti ilianza kukwaruza, akawa anakimbia. Asubuhi ya kwenda kulazwa aliniita, kishikwambi kikiwa kifuani. "Nimemaliza. Mia tatu na arobaini na moja. Kuanzia leo, ukiniona nimenyamaza ujue nimeamua."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya tatu, alipokuwa ametoka hatarini, mimi nilirudi kwenye shughuli zangu. Mpima ardhi mmoja alikuwa anautaka ule mpakato kwa kazi za nje, kwenye viwanja anavyopima. Betri ilikuwa imefaulu. Nikaushusha kabatini, nikaufuta kama ninavyofuta zote. Siku za nyuma niliwahi kuuza mashine yenye picha za mwenyewe wa kwanza, ikanitia aibu ambayo siisimulii, na tangu hapo nafuta mara tatu, moja juu ya nyingine, ndipo naweka mpangilio mpya. Huwa najisifia hilo mbele ya mnunuzi. Nilimsifia mpima ardhi pia.

Dada alirudi nyumbani baada ya siku kumi na mbili, amepungua, shingo imefungwa, macho yale yale. Mkononi alikuwa na ubao mdogo mweupe wa kuandikia kwa kalamu. Kabla hata ya kuvua viatu aliomba kishikwambi kwa kuchora mraba hewani. Alibonyeza. Akabonyeza tena. Akanigeuzia kioo: duka haipatikani.

"Imezubaa tu," nikasema. "Ngoja niiamshe."

Nilikwenda sebuleni. Mashine ilikuwa inawaka, haikuwa imezubaa hata kidogo. Juu ya kioo, palipoandikwa jina lake, paliandikwa duka-2. Nimeyaona maandishi kama hayo mara mia dukani kwangu, pale ninapowasha nyingi kwa pamoja, na hayajawahi kunishtua. Nikafungua folda ya Kazi. Rekodi arobaini na tatu, zote za kabla ya ile Jumatano. Nikatafuta kwingine, kwenye takataka, kwenye folda za picha, mahali ambapo nilijua fika haziwezi kuwa. Nilifanya hivyo muda mrefu kwa sababu wakati natafuta sikulazimika kurudi chumba cha nyuma.

Nilipomweleza, nilimweleza yote, kwa mpangilio, kama ninavyomweleza mteja hitilafu. Mama mmoja, jina moja, umeme, kabati, mpima ardhi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaandika kwenye ubao, kwa ule mwandiko wake wa kituoni, ulionyooka:

Nilikuuliza.

Aliniachia nisome, akaufuta kwa kiganja.

Mke wangu hakuwa na ubao, alikuwa na mdomo. "Umemuuza wifi yangu," alisema jikoni. "Umemfuta mara tatu, ukampa mtu na chaja yake." Kwenye biashara najua wakati wa kujibu na najua wakati mtu mwingine ndiye mwenye bei.

Nilimfuata mpima ardhi. Muungwana yule alinipa mpakato bila hata kuuliza nitamrudishia lini, na mimi nikamwachia mwingine bora zaidi, wa kwake moja kwa moja. Nikaupeleka kwa fundi anayeokoa vilivyofutwa, mtu asiyecheka. Alikaa nao siku nne.

"Ulifuta mara ngapi?" aliniuliza.

"Tatu."

"Basi ulifanya kazi nzuri," akasema, na hakuwa ananikejeli. Ndiyo sifa pekee ya ufundi niliyowahi kupewa ambayo ningelipa ili niirudishe.

Msichana wa miwani alipendekeza dada atumie sauti ya kiwandani: unaandika, kishikwambi kinasoma. Dada alijaribu siku moja. Akaandika kwenye ubao kwamba huyo mwanamke wa ndani anaongea kama hajawahi kununua kitu sokoni, na akaizima. Alibaki na zile arobaini na tatu. Kwa hiyo ndani ya nyumba yetu, Opereta, aliyekuwa akiwaunganisha watu wa mji mzima, alikuwa anaweza kusema kwa sauti yake kwamba anaumwa, kwamba anataka maji, kwamba dirisha lifunguliwe. Mke wangu alifungua dirisha lile hata siku za upepo, kwa kuwa ameitwa. Lakini hakuwa ameitwa. Ilikuwa ni "fungua dirisha" tu, ya mtu yeyote kwa mtu yeyote.

Nilifikiri kama ninavyofikiri siku zote: kitu kimekosekana dukani, nani mwingine anacho? Watu siku hizi wanatumiana ujumbe wa sauti kwenye simu. Dada aliupenda kuliko kuandika, magoti yalipomfunga ndani alikuwa anautuma ovyo. Nikaanza kuzunguka. Kwa binti yetu wa kwanza nikapata kumi na moja. Kwa jirani muuza dawa, saba. Mwanamke aliyekuwa anamsuka alikuwa na mmoja mrefu, dada anamweleza jinsi mkono wake ulivyo mzito, matusi matupu, na ilinibidi nimbembeleze anipe kwa sababu yeye anausikiliza akiwa na huzuni. Dereva mmoja mstaafu wa kiwanda cha saruji alikuwa nao wa mwaka juzi, salamu za sikukuu, sauti ikiwa bado nzima kabisa. Sijawahi kuhangaikia mzigo namna ile. Nilipata hamsini na tisa.

Nilikaa na msichana wa miwani, tukaukatakata ule ujumbe vipande vipande. Kutoka kwenye "binti yangu usisahau dawa" tukapata "binti yangu". Wa mwisho wetu tulimpata kwenye malalamiko kwamba hapigi simu. "Wifi" tulizipata nyingi, nzuri, za kila aina, maana mke wangu hafuti kitu, simu yake imejaa mpaka inalia.

Simu yangu mimi ni safi. Ujumbe nikishausikiliza naufuta, wa mteja, wa dada, wa nani. Nafasi ni nafasi. Nikarudi kwa wote niliopita kwao, nikauliza kama katika ujumbe wowote, hata kwa kusengenya, hasa kwa kusengenya, alinitaja. Alinitaja kweli. "Yule mdogo wangu." "Huyu wa humu ndani." "Mume wa wifi." Dalali lilikuwa jina la kuitia, si la kutajia. Aliposema na wengine hakulitumia, na aliposema na mimi, nilifuta.

Kila mashine sasa naipa jina lake kabla haijatoka mezani. Mnunuzi mmoja aliniuliza kwa nini najisumbua. Nikamwambia ni dakika mbili.

Dada amepanga vipande vyake kwenye kishikwambi, safu ya mahitaji upande mmoja, safu ya watu upande mwingine. Akimtaka mke wangu anagusa, na kutoka chumba cha nyuma inasikika "Wifi!", nzito, bila haraka, mpaka mgeni asiyejua anadhani kuna mtu wa kawaida mle ndani. Watoto wakija likizo anawaita mmoja mmoja na wao wanajibu kwa kelele wakiwa bado uani. Nilimwambia anitafutie jina lingine, achague chochote alicho nacho, "njoo" au "wewe", kitatosha. Alifikiri, akatikisa kichwa.

Mimi ananigongea. Ana kijiko kikubwa kando ya mto, anapiga nacho chuma cha kitanda, mara mbili. Juzi mteja wa mashine sita alikuwa amenifuata nyumbani, tumekaa sebuleni, tumebakiza kidogo tukubaliane, kijiko kikalia. Nikainuka.

"Bosi, tulikuwa tunamalizia," akasema yule mteja.

"Ngoja," nikamwambia, nikaenda nyuma. Alikuwa anataka mto usogezwe. Niliusogeza, nikauliza kama kuna kingine, akagusa kioo: "Hapana." Nilikaa kidogo pembeni ya kitanda, hata hivyo. Niliporudi sebuleni mteja alikuwa ameshaondoka.